Wakuu nimeitwa intavyuu ya uinjinia wa programu kampuni kubwa ng'ambo, wiki tano zimebaki na sijui pa kuanzia

fundi_seva:

Wakuu habari za majukumu.

Niende moja kwa moja. Mi naandika programu, mwaka wa nne huu niko kwenye kampuni ya malipo hapa Dar, tuko watu tisa kitengo chetu, mi nashika seva na databesi na ikibidi nashika hata printa ya mhasibu. Java sana, PHP kidogo. Wiki iliyopita rikruta wa kampuni moja kubwa (siitaji, mnaijua wote) kanitafuta LinkedIn, nikadhani ni wale matapeli wa kazi Canada tuma laki mbili ya fomu, nikamjibu kwa kumtega tu, kumbe mtu kweli. Tumeongea dakika 20, kanipangia intavyuu ya kwanza baada ya wiki tano. Kazi iko Ulaya, mambo ya viza wanashughulikia wao.

Sasa kanitumia maelezo. Dakika 45, naandika kodi (za kompyuta, sio za TRA) kwenye ukurasa mtupu huku mtu ananiangalia, hakuna kukamilishiwa maneno, hakuna kuirani uone kama inafanya kazi. Nikipita hapo kuna siku nzima ya raundi nne. Jana usiku nikafungua LeetCode (tovuti ya mazoezi ya maswali haya ya intavyuu), swali la kwanza limeandikwa rahisi kabisa, limenila saa moja na nusu. La pili nikachungulia jibu. La tatu nikafunga laptopu nikaenda kula chipsi mayai. Mambo ya mti wa bainari (data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili) tulisoma chuo mwaka wa pili nikapata B nikasahau siku hiyohiyo, na tangu nianze kazi sijawahi kuona mti wowote zaidi ya mwembe wa pale nje ofisini.

Naomba kujua wiki tano zinatosha au najidanganya. Halafu kuna raundi imeandikwa maswali ya tabia, ndo nini hiyo, wataniuliza kama nakunywa? Kingereza changu cha kuandika kiko poa ila cha kuongea nikibanwa kinakimbia chote. Na kubwa kuliko yote, mi kazini sijafanya chochote cha maana, ni hela tu zinaingia zinatoka, sina cha kusimulia.

chizi_wa_linux:

Hongera mkuu. Ukifika huko utukumbuke sisi tunaorekebisha printa.

dada_dublin:

Hongera sana mdogo wangu. Mi niko Dublin mwaka wa sita, kampuni kubwa na mimi siitaji, na miaka mitatu hii nakaa upande wa pili wa meza, nahoji. Ngoja nikwambie kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia.

Yule mhojaji unayemuona kwenye kamera kazi yake kubwa ni kuandika. Ukisema neno anaandika, ukiuliza swali anaandika, ukijikwaa ukajirekebisha mwenyewe anaandika na hapo ujue anaandika kitu kizuri. Mkimaliza anakaa anapanga ripoti na ripoti ndo inayoenda mbele, wewe huendi. Google kwa mfano zinaenda kwenye kamati ya ajira, watu ambao hawajawahi hata kuisikia sauti yako. Amazon wahojaji wanakaa kikao pamoja na mmoja wao anaitwa Bar Raiser, anatoka timu nyingine kabisa, yupo pale ili wasije wakachukua mtu yeyote yule kisa timu imezidiwa na kazi. Sasa wewe ukikaa kimya dakika nane unawaza, kwako ni kuwaza, kwangu mimi ni karatasi nyeupe. Nshawahi kuwa na kijana nna uhakika alikuwa na akili kunishinda, akanyamaza, akanyamaza, mwisho akaandika jibu karibu sahihi, nikafungua ripoti nikakosa cha kuandika. Niliumia. Hakupita.

Chukua swali hili, ni la kawaida sana ila mi nalipenda kwa sura ya daladala. Umepewa orodha ya magari, kila gari muda linaingia stendi na muda linatoka, useme stendi inahitaji nafasi ngapi za kupaki. Mtu wa kimya anaruka kuandika lupu ndani ya lupu, yaani kurudiarudia ndani ya kurudiarudia. We usiandike kwanza, uliza. Gari likitoka 1:15 na jingine likaingia 1:15 linakaa nafasi ileile au linahitaji yake? Orodha imepangwa kwa muda au iko shaghalabaghala? Inaweza kuwa tupu? Halafu weka mfano mdogo hapo juu ya ukurasa wauone: la kwanza 1:00 hadi 1:15, la pili 1:10 hadi 1:40, la tatu 1:20 hadi 1:30. Halafu sema njia ya kijinga kwa mdomo, ukilinganisha kila gari na kila gari basi magari elfu kumi ni ulinganisho milioni mia, nataka kufanya vizuri zaidi. Halafu ndo unasema, kwani mi nahitaji kujua gari gani ni gani? Sihitaji. Nahitaji kujua saa hii limeingia au limetoka. Napanga nyakati zote kwa pamoja, likiingia najumlisha moja, likitoka napunguza moja, nakumbuka namba kubwa niliyowahi kufika. Moja, mbili, moja, mbili, moja, sifuri. Jibu mbili. Kazi yote imebaki kwenye kupanga, elfu kumi inakuwa kama hatua laki tatu hivi badala ya milioni mia. Umeona, mpaka hapo hujaandika mstari hata mmoja na mimi nshajaza nusu ukurasa wa mambo mazuri kuhusu wewe.

Wiki tano zinatosha kama unajua kuandika programu na wewe unajua. Usiende kufanya maswali mia tano. Fanya machache, hashimapu (kuhifadhi kitu kwa ufunguo wake), kupanga, kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, miti na grafu (vitu vilivyounganishwa kwa njia) za kutembea tu, foleni na stack (rundo, cha mwisho kuingia ndo cha kwanza kutoka), basi. Yale ya kutisha kabisa yaache, ukikutana nayo ni bahati mbaya kama mvua siku ya harusi. Ila kila swali lifanye KWA SAUTI. Mi nilipokuwa najiandaa nilikuwa kwa bibi Tanga, namuelezea jikoni yeye anachambua mchele, bibi haelewi hata neno moja lakini nikinyamaza tu anasema ehe, endelea. Nshafanya mazoezi na watu wa kulipia baada ya pale, hakuna aliyemfikia bibi.

Kingereza usiogope. Nusu ya wanaohoji hapa kwetu kingereza ni lugha yao ya pili, kuna Mhindi, kuna Mpolandi, kuna Mbrazili, kila mtu na lafudhi yake. Sema polepole na ukikosa neno chora.

Ya tabia narudi jioni, nina kikao.

msee_wa_waiyaki:

Niaje wasee. Mi ni Mkenya, nko Nairobi, nimepiga hizi intavyuu mara tatu, ya tatu ndo iliniingiza, kwa hivyo niongee kuhusu zile mbili za kwanza juu hakuna mtu huongea hizo.

Ya kwanza stima ilipotea katikati. Nikahamia bandozi za simu, simu nayo iko asilimia kumi na moja. Nikamwandikia rikruta jasho linatoka, akasema hakuna shida tupange siku ingine, wakapanga. Kwa hivyo hiyo sio kitu, waambie tu mapema. Nilianguka ile ya marudio kwa makosa yangu mwenyewe, swali lilikuja nikalijua! Nilikuwa nimelifanya LeetCode wiki iyo hiyo. Buda nilifurahi, nikaliandika lote na dakika tisa bila kusema kitu, nikainua macho kama nimeshinda mbio za mita mia. Jamaa akasema sawa, sasa tuseme data haitoshi kwenye memori ya mashine moja, ungebadilisha nini? Na hapo ndo nilijua mi silijui hilo swali, nimelikariri. Kuanzia hapo ni kigugumizi mpaka mwisho. Wakakataa na wakaniambia nirudi baada ya mwaka.

Kwa hivyo ukiona swali unalijua sema tu, nimewahi kuona kitu inakaa hivi. Atakupa ingine ama atakuacha uendelee, yote ni sawa.

Ya pili nilianguka kwa pesa, kama kuna kitu kama iyo. Kampuni tofauti, nilipita zote, rikruta akaniuliza unatarajia mshahara ngapi, mi nikachukua mshahara wangu wa hapa nikazidisha mara mbili nikaona niko mjanja sana. Akakubali haraka MPAKA nikashtuka. Baadaye nikaingia levels.fyi, tovuti ya kulinganisha mishahara, nikaona watu wa levo iyo hiyo mji huo huo, nikakosa usingizi. Nilikataa ofa kwa hasira, ujinga pia. Hizi kampuni kila levo iko na chini yake na juu yake, we rikruta akikuuliza mwambie ningependa kujua kwanza levo na kiwango chenu, hatakasirika, ni kazi yake. Na uangalie hisa za kampuni wanazokupea juu ya mshahara zinaachiliwa aje. Amazon kwa mfano wamejulikana miaka mingi kwa kupea hisa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, halafu 40 na 40, kwa hivyo ukitoka mapema umeacha nyama yote kwa sufuria.

Ingine. Sio lazima uende Ulaya. Microsoft walifungua kituo chao cha mainjinia hapa Nairobi 2019, Google wakatangaza chao Aprili 2022. Mi kila Jumapili nakula kwa mamangu.

mzee_wa_cobol:

Nimesoma nimecheka kidogo. Sisi tuliokwisha kwenda na kurudi tuna maneno yetu.

Kijana, mimi nilikaa Marekani miaka kumi na moja, saba ya mwisho kwenye kampuni ambayo ukiitaja kijijini kwetu hata wasiojua kusoma wanaijua. Unajua mwaka mmoja mzima nilifanya nini? Tulikuwa tunabadilisha jinsi tarehe inavyoandikwa kwenye ripoti za ndani. Tarehe. Watu sita, nyaraka za kurasa arobaini, vikao vya kuidhinisha vikao. Wewe hapo ulipo mko tisa, hela ikipotea saa nane usiku unajua imepita mlango gani imetokea wapi, mfumo wote uko kichwani mwako. Huko utapewa bomba moja la sinki moja la jengo la ghorofa mia na hutajua maji yanatoka wapi.

Na usalama wenyewe uko wapi? Novemba 2022 Meta wameondoa watu elfu 11. Januari 2023 Google elfu 12, Microsoft elfu 10, Amazon wakasema elfu 18. Watu waliokuwa wamepita hizo raundi zenu zote na hizo kamati. Mimi zamu yangu ilikuja kwa imeili ya alfajiri, nilipofika kadi ya mlango haisomi, mlinzi ambaye tunasalimiana kila siku ananiangalia kwa huruma na mimi namuangalia yeye. Ukiwa na H-1B, ile viza ya kazi ya Marekani, ukipoteza kazi una siku 60 upate mwajiri mwingine au ufungashe, na watoto wako shule. Septemba 2025 Trump akaongeza ada ya dola laki moja kwa maombi mapya. Sasa niambieni.

Na hayo maswali ya miti ni upuuzi. Yule jamaa aliyetengeneza Homebrew (programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye Mac), Max Howell, mwaka 2015 alilalamika hadharani Google wamemkataa kisa kashindwa kugeuza mti wa bainari ubaoni, wakati mainjinia wao wenyewe wanatumia programu yake kila siku. Hiyo peke yake inatosha.

chizi_wa_linux:

Mzee umeamka na mguu gani leo 😂

dada_dublin:

Shikamoo mzee wangu. Mengi uliyosema siwezi kuyapinga, na ya mlinzi imenigusa.

Ila mbili tatu. Huku Ulaya sio kama Marekani, wakitaka kupunguza watu wengi kwa pamoja Ireland sheria inawataka wakae siku 30 za mashauriano kwanza, hakuna kushtukizwa mlangoni. Unaweza ukapunguzwa bado, mi mwaka ule jirani yangu wa dawati alipunguzwa, ila ana muda wa kupumua na analipwa. Pili, kuhusu upuuzi wa maswali, kuna upuuzi walishauacha. Zamani Google walikuwa wanauliza mipira ya gofu mingapi inajaa kwenye ndege, mkuu wao wa rasilimali watu Laszlo Bock akasema mwenyewe 2013 kwamba maswali yale ni kupoteza muda, hayaonyeshi chochote zaidi ya kumfurahisha anayeuliza. Ya miti nayo yana kasoro zake, nakubali, mi mwenyewe ndani ya kazi sijawahi kugeuza mti. Lakini mtihani ni mtihani, hata leseni ya gari wanakurudisha nyuma kati ya vibao na hakuna anayeendesha hivyo Kariakoo.

Kuhusu bomba la sinki ni kweli kabisa na fundi_seva ujiandae. Mi kodi yangu ya kwanza hapa ilikuwa mistari kama arobaini. Ikakaa kwenye riviu (wenzako wanaikagua kabla haijaingia) wiki tatu!! Mmoja anataka jina la kigezo libadilike, mwingine anauliza kwa nini hukutumia maktaba fulani ya ndani ambayo hakuna mahali imeandikwa kwamba ipo, wa tatu yuko likizo na bila yeye haiingii. Nyumbani ningeiweka saa nne asubuhi saa tano iko hewani saa sita wateja wanalalamika saa saba nshairekebisha. Nililia chooni siku moja nikidhani wananionea, baadaye nikagundua kila mtu anafanyiwa hivyo, na hiyo mistari arobaini mpaka leo haijawahi kunipigia simu usiku. Halafu kuna zamu, wiki moja kila wiki sita simu inalala kichwani, ikilia una dakika chache uwe kwenye laptopu. Hapo ndo nilijua mfumo wote, mzee, sio mchana. Mchana una bomba lako, usiku unapewa jengo zima likiwa linavuja.

Sasa maswali ya tabia, nilikuahidi. Sio pombe 😄 Wanataka hadithi za kazini. Ulishawahi kupingana na bosi, ulishawahi kuharibu kitu, ulifanya nini ulipokuwa hujui. Amazon ndo wamekaza zaidi, wana kanuni 16 na kila mhojaji amegawiwa zake za kuuliza. Mpangilio wanaoutaka ni hali ilikuwaje, jukumu lako nini, ulifanya nini, ikaishaje. Andaa hadithi sita saba, moja inaweza kujibu maswali matatu tofauti.

Na hapa ndo sisi tunapoanguka, sio kwenye miti. Tunasema TU. Tuligundua tatizo, tukakaa, tukarekebisha, tukashukuru Mungu. Tumelelewa hivyo, mtoto akisema nilifanya mimi, mama anamuuliza peke yako? Mimi nikihoji mtu wa kwetu (nshawapata wawili watatu) inabidi niulize mara nne, sawa mlifanya, wewe ulifanya nini? na bado ananijibu tulishirikiana. Ripoti haiwezi kuandika tulishirikiana. Kwenye kiswahili ni herufi tu imebadilika, tu iwe ni, ila ukijaribu kuisema utaona ulimi unakwama.

fundi_seva umesema huna cha kusimulia. Niambie siku moja hela ilipotea.

fundi_seva:

Asanteni sana wakuu, mzee shikamoo, nimesoma yote mara mbili.

Dada ipo moja ila ni ya kawaida. Tulikuwa na tatizo la wateja kuingiziwa salio mara mbili, tukafuatilia tukakuta ni zile kolibeki za malipo (taarifa za mtandao wa simu kwamba mteja kalipa) zinajirudia, tukarekebisha ikaisha. Ndo hivyo tu.

dada_dublin:

Tu ngapi hapo nimehesabu nne. Nani aligundua? Saa ngapi? Wangapi walikuwa wameingiziwa?

fundi_seva:

Aligundua dada wa huduma kwa wateja, mteja alimpigia kusema nimeweka elfu ishirini naona arobaini, mteja mwaminifu yule. Akaniambia mimi. Wengine walisema ni kosa la mteja. Mi nikakaa na logi (kumbukumbu za seva) mpaka usiku nikaona ule mtandao wa simu ukituma taarifa ya malipo na seva yetu ikachelewa kujibu wanatuma tena, na sisi tukipokea ya pili tunaona ni muamala mpya. Ilikuwa inatokea saa za jioni watu wakiwa wengi. Nikahesabu, ilikuwa kama miamala arobaini kwa siku.

dada_dublin:

EHE. ENDELEA.

fundi_seva:

Nikafanya mambo mawili. Kwanza nikaweka kwenye databesi kwamba namba ya muamala ya mtandao haiwezi kuingia mara mbili, ikija tena inakataliwa kimyakimya na wao wanajibiwa tumepokea. Pili nikaona tatizo lenyewe ni uchelewaji, sisi tulikuwa tunafanya kila kitu ndo tunajibu, mpaka sms ya mteja tunatuma kwanza. Nikageuza, tunaandika tu kwenye foleni tunajibu hapohapo, kazi nyingine inafanyika nyuma. Ilibidi nibishane na bosi coz alitaka tuongeze seva tu. Nikamuonyesha kwenye logi kwamba hata seva ziwe kumi muamala mmoja bado ungeingia mara mbili. Akakubali. Tangu mwezi wa tatu mwaka jana haijatokea hata mara moja.

dada_dublin:

Na ulisema huna cha kusimulia. Hiyo hadithi ina kugundua chanzo, ina namba, ina kupingana na bosi kwa ushahidi, ina matokeo. Na ukifika raundi ya kubuni mifumo wakikuuliza ungejengaje mfumo wa malipo, watu wengi wanaijibu walivyosoma mtandaoni, we umeishika kwa mkono. Kitu kimoja tu, umeandika "sisi tulikuwa tunafanya kila kitu ndo tunajibu". Hiyo tu iache, kosa la wote ni la wote 😄 Zile nyingine umeziondoa mwenyewe bila kuambiwa umeona?

msee_wa_waiyaki:

Hii hadithi nimeiba.

mzee_wa_cobol:

Kijana, ulifanyaje na wale waliokuwa wameshaingiziwa mara mbili? Ulizirudisha? Watakuuliza hilo. Mimi ningekuuliza.

fundi_seva:

Mzee umenibana. Niliandika programu ndogo ya kulinganisha na taarifa ya mtandao ya kila siku, ikatoa orodha, uhasibu wakarekebisha. Wachache walishatumia zile hela, kampuni ikazibeba. Mteja yule aliyepiga simu bosi alimwachia.

mzee_wa_cobol:

Vizuri. Liweke.

fundi_seva:

Wakuu nimerudi, wiki ya sita hii samahani kwa ukimya. Ya kwanza NIMEPITA. Swali lilikuwa la grafu, kutafuta njia fupi kwenye vyumba, nikauliza maswali mpaka jamaa akatabasamu, niliongea mpaka koo likakauka, mwishoni nilikosea kuhesabu mipaka ya safu nikaona mwenyewe nikasema ngoja hapa nimekosea. Sikumaliza sehemu ya pili ila alisema ni sawa. Nilifanya mazoezi na mdogo wangu wa form two nikamfundisha kusema ehe endelea, nimemlipa kwa soda, deni limefika kreti.

Sasa raundi nne siku moja, Jumamosi ya wiki kesho wamekubali kunipangia wikiendi. Kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 1 jioni. Tatizo nyumbani haiwezekani, ukuta wa pili ni kinyozi na spika zake, umeme wiki hii unaenda unarudi, na ofisini kwetu siwezi kwenda kufanya intavyuu ya kuwakimbia. Kuna mtu anajua sehemu tulivu Dar yenye intaneti ya uhakika ya kukodi masaa matano? Nimeulizia hoteli moja bei waliyonitajia nimekaa chini.

chizi_wa_linux:

Kuna maktaba za chuo, ila kuongea humo hawataki na wewe siku hizi ni redio.

mzee_wa_cobol:

Njoo ofisini kwangu Sinza. Jumamosi kuanzia saa saba hakuna mtu, kuna jenereta na waya wa intaneti unaochomeka kwenye laptopu, usitegemee waifai. Nitakuwepo chumba cha pili, nina tarehe zangu za kurekebisha. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze, na uje Ijumaa jioni kwanza tujaribu kamera.